Panda Majani Kwanza, Mbuzi Atafuata

Kila mwaka masoko ya tumbaku yanapofunguliwa na pesa kuanza kuonekana mikononi mwa watu wa Urambo, Sikonge na Uyui, hunijia watu wawili watatu na swali lile lile: mbuzi wa maziwa anapatikana wapi, na kwa bei gani? Nami huwauliza: umepanda nini? Wengine huudhika, wakidhani nawazungusha. Siwazungushi. Katika nchi hii ya Unyamwezi mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, kisha inakuja miezi sita mikavu. Mbuzi wa maziwa akifa Tabora, mara nyingi hati yake ya kifo iliandikwa siku aliponunuliwa na mtu asiye na majani.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza nilileta kwa lori majike wawili chotara wa Toggenburg, mwezi Julai, wote wana mimba. Walikuwa wa kahawia, wenye mistari miwili myeupe usoni, viwele vyao vimeanza kujaza. Jirani yangu, mzee aliyechunga tangu utotoni, alikuja kuwatazama. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akawazunguka, akawapapasa uti wa mgongo, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wageni wako hawa Oktoba watakula nini?" Nikamwonyesha pori. Hakunijibu. Oktoba ilipofika, nyasi za pori lile zilikuwa zimeungua. Mitundu na miyombo huchipua kabla ya mvua, ni kweli, lakini machipukizi yako juu na mbuzi hayafikii. Jike mmoja akatupa mimba. Wa pili alizaa mapacha, siku ya tatu akalala chini, hakuinuka tena. Sikuwa nimekosa dawa; nilikuwa nimekosa chakula.

Basi tuanze na hesabu ambayo mimi sikuifanya. Mbuzi chotara wa kilo 40 anahitaji chakula kikavu cha kilo moja na nusu hadi mbili kwa siku. Kwa siku 180 za kiangazi, majike wawili wanakula kilo 700 hivi. Ukitengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, ukashindilia humo nyasi kavu na kuzifunga kamba, robota moja likiwa na kilo 15, unahitaji marobota yanayokaribia 50. Hayo ndiyo yawe ndani ya kibanda chako, juu ya kichanja, mbali na mchwa na mvua, kabla pesa haijatoka mfukoni kwenda kwa muuza mbuzi. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, mwezi Machi au Aprili. Ukingoja hadi Juni utakuwa unafunga makapi. Mbuzi atatafuna na kushiba, lakini maziwa hayatoki kwenye makapi.

Nyasi peke yake hazitoshi hata zikiwa nzuri, na hapa Tabora imebarikiwa kuliko wenyewe tunavyojua. Majani ya karanga, ambayo wengi wetu huyaacha shambani baada ya kung'oa, ni chakula kinachoshinda nyasi nyingi. Yaanike kivulini yabaki na ukijani, uyafunge. Jambo moja la kuangalia ni ukungu: majani au karanga mbovu zenye ukungu mweusi au wa kijani usimpe mnyama, maana sumukuvu huharibu ini na huingia hata katika maziwa. Majani ya viazi vitamu yapo tele mwishoni mwa masika, nayo mbuzi huyapenda. Igunga na Nzega wana maganda ya migunga, ambayo huanguka wakati ule ule njaa inapoanza kuuma. Watoto wakiyaokota na kuyajaza kwenye magunia, umepata akiba ya protini bila kutoa hata shilingi. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti ni vya kununua, kwa hiyo vipimwe: nusu kilo kwa siku kwa jike anayekamuliwa lita moja, ukiongeza kidogo kidogo kadiri maziwa yanavyoongezeka. Usibadilishe chakula ghafla. Tumbo la mbuzi lina wadudu wadogo wanaosaga chakula, na wadudu hao huhitaji wiki moja au mbili kuzoea chakula kipya. Mbuzi aliyevunja mlango wa ghala na kujaza tumbo pumba anaweza kufa kabla ya kesho yake.

Lakini nguzo ya yote ni miti ya malishe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya Tabora mjini, kimefanya kazi tangu miaka ya 1980 na watafiti wa kilimo mseto juu ya miti inayorudisha rutuba, inayotoa kuni na inayolisha mifugo. Lusina na glirisidia ndizo ninazozijua kwa mikono yangu. Kwa mbuzi wawili, miti 200 iliyopandwa kwa safu kandokando ya uzio ni mwanzo mzuri. Mizizi yake huenda chini kutafuta maji, kwa hiyo inabaki na majani wakati nyasi zimekwisha. Lusina ina kemikali inayomdhuru mnyama ikizidi, basi isizidi theluthi ya chakula chake chote cha siku. Glirisidia ina harufu ambayo mbuzi wengi huikataa mwanzoni; ikate jioni, iache inyauke usiku kucha, umpe asubuhi ikiwa imechanganywa na majani aliyoyazoea. Baada ya siku chache atakuwa anaidai.

Wazee wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa na jibu lao kwa kiangazi kabla ya hayo yote, nalo ni ngitili: kipande cha ardhi kinachofungwa masika, mifugo isiingie, kikafunguliwa majani yanapokwisha kwingine. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulifufua ngitili maelfu kwa maelfu katika nchi iliyokuwa imeelekea kuwa jangwa. Robo eka nyuma ya nyumba yako inaweza kuwa ngitili ya mbuzi. Inataka uzio na uvumilivu, basi.

Sasa majira ya kuzaa. Mimba ya mbuzi ni siku 150. Ukimpandisha katikati ya Juni atazaa katikati ya Novemba, nyasi mpya zinapoanza kuota, na mama atakuwa na majani mabichi ya kutengenezea maziwa. Ni mpango mzuri, ila una mtego ulionishika mimi: miezi miwili ya mwisho ya mimba inaangukia Septemba na Oktoba, wakati mgumu kuliko wote, na ndipo vitoto tumboni hukua kwa kasi, hasa wakiwa mapacha. Mama akikosa chakula cha nguvu wakati huo, mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, damu inachafuka, anakuwa mzito, anatembea kama kipofu, analala. Ndicho kilichomuua jike wangu. Kwa hiyo marobota bora na majani ya karanga yasiliwe Julai. Yawekwe kwa ajili ya Oktoba. Wakati huo huo mbuzi aliyekuwa akikamuliwa aachishwe, walau wiki nane kabla ya kuzaa, kiwele kipumzike.

Tuje kwenye njia. Tabora ilijengwa na njia. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Nawaza juu ya hilo kila ninapoona lori la mifugo likishusha mizigo. Mbuzi aliyeondoka Bagamoyo na maradhi mwilini asingefika huku, angefia njiani. Mwendo wenyewe ulikuwa karantini. Leo mbuzi anapakiwa Dodoma au Arusha, na siku ya pili yupo zizini kwako, ugonjwa bado haujaonekana, huku amechoka, ana kiu, amepigwa upepo, na kinga yake iko chini.

Magonjwa mawili yanapenda sana safari hiyo. Homa ya mapafu ya mbuzi huanza na kikohozi, homa kali, mbuzi akisimama ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo akitafuta hewa. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 huko kaskazini. Hutoa makamasi na matongo, vidonda mdomoni, kuhara, na vifo vingi. Ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe, ile iliyofuta mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, na ambayo ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Magonjwa haya mawili ya mbuzi yana chanjo. Muulize afisa mifugo wa kata ratiba ya kampeni, uchanje kabla ya kuona mgonjwa. Kwa mbuzi mgeni, dai kibali cha kusafirishia na habari za chanjo zake, kisha mtenge siku 30, na chombo chake cha maji peke yake, umhudumie wa mwisho baada ya kuwahudumia wenyeji. Nimeshaona watu wakicheka karantini ya mbuzi mmoja. Siku 30 ni fupi kuliko miaka ya kujenga upya kundi.

Hatari nyingine ya nchi yetu haiji kwa lori. Iko porini tangu zamani, nayo ni ndorobo. David Livingstone alijua thamani ya mbuzi wa maziwa: mbuzi wake walipopotea mwanzoni mwa 1867, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba hasara ile ilimuuma kuliko alivyotarajia. Miaka mitano baadaye alikaa Kwihara, karibu na Tabora, miezi kadhaa akingoja wapagazi, kisha akaondoka Agosti 1872 na ng'ombe wa maziwa. Njiani ng'ombe waliachwa wapite kwenye msitu wenye ndorobo, na maziwa yakaishia hapo. Misitu ile ya miombo kuanzia Sikonge hadi Kaliua bado ina ndorobo. Mbuzi wetu wa kienyeji huvumilia kiasi, lakini damu ya kigeni haivumilii vizuri. Ukimwona chotara wako anakonda ingawa anakula, manyoya yamesimama, homa inakuja na kuondoka, utando wa macho umepauka na maziwa yamepungua, usikimbilie dawa ya minyoo tu. Damu ipimwe. Tuna maabara ya kanda ya Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Tabora. Kuitumia ni rahisi kuliko kununua dawa tatu kwa kubahatisha. Na mbuzi wa maziwa asichungwe msituni hata kidogo: afugwe bandani, aletewe chakula. Hapo utakuwa umemwepusha na ndorobo, na pia na kupe wengi wanaoleta ndigana baridi na maji moyo.

Kuna mtu mmoja ambaye mfugaji wa mbuzi anapaswa kumjua, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa David Bruce. Mwaka 1887 kisiwani Malta aligundua kijidudu kinachosababisha homa isiyokwisha kwa askari. Miaka michache baadaye, kule Zululand, akagundua kijidudu cha nagana kinacholetwa na ndorobo. Ile homa ya Malta ndiyo tunayoiita brusela. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alionyesha kwamba ilikuwa inatoka kwa mbuzi wenye afya machoni. Watu walikuwa wakiipata kwa kunywa maziwa mabichi. Kwa hiyo nasisitiza bila kuchoka: maziwa yachemshwe hadi yaumuke, hata kama mbuzi ni wako na unampenda. Akitupa mimba, usishike kondo kwa mikono mitupu. Vaa mifuko ya plastiki kama huna glovu, fukia shimoni, na mwite mtaalamu. Mama mjamzito wa nyumbani akae mbali kabisa na kazi hiyo.

Minyoo ni adui wa masika. Kuna mnyoo wa tumboni anayenyonya damu, na dalili yake ya wazi si kuhara bali ni upungufu wa damu: vuta chini kope la chini la jicho, utazame rangi. Ikiwa nyekundu, mwache. Ikiwa imepauka kama karatasi, tibu leo, na ukiona uvimbe chini ya taya, umechelewa kidogo lakini bado tibu. Fanya hivyo kila wiki mbili wakati wa mvua. Kuwapa wote dawa kila mwezi bila kuangalia ndiko kunakowafundisha minyoo kuishinda dawa. Pima uzito kwa mizani au kwa kamba ya kifuani, usikadirie kwa macho, na jike mwenye mimba changa asipewe albendazoli, inaweza kumharibu mtoto tumboni. Kila dawa ina siku zake za kutokunywa maziwa. Zisome kwenye chupa, uziheshimu kana kwamba mnywaji ni mwanao, maana ndiye.

Nimeacha tumbaku makusudi hadi hapa, kwa sababu hakuna mwongozo kutoka mkoa mwingine utakaokutajia. Tumbaku ni sumu kwa mbuzi. Nikotini humtetemesha, humtoa udenda, humkaba pumzi. Tena inajulikana kwamba nguruwe wenye mimba waliokula mashina ya tumbaku walizaa watoto wenye miguu iliyopinda, na jamii ya tumbaku mwitu imeleta vilema vya namna hiyo kwa mbuzi. Basi mashina baada ya mavuno yasitupwe karibu na banda, wala bani la kukaushia tumbaku lisigeuzwe zizi. Bomba ulilopulizia dawa shambani lisitumike kuogeshea mbuzi, wala kopo la dawa kunyweshea maji. Pia majani mabichi ya muhogo na mtama mchanga uliokauka ghafla kwa jua yana sumu ya kuua haraka. Ya muhogo yaanikwe kwanza hadi yanyauke kabisa.

Banda sitalisemea sana. Liinuliwe nusu mita au zaidi kutoka ardhini, sakafu iwe ya fito zenye nafasi ya kupitisha kinyesi lakini si kwato, mgongo wa banda uelekee upande upepo unakotoka, na kila mbuzi apate mita moja na nusu za mraba. Hori liwe nje, mbuzi atoe kichwa tu. Mbuzi hali majani aliyoyakanyaga. Maji safi lita tano au zaidi kila siku kwa anayekamuliwa, na jiwe la chumvi lining'inie. Samadi inayoanguka chini ipeleke kwenye ile miti 200.

Kuhusu mbegu, ushauri wangu ni chotara, si mbuzi safi wa kigeni. Watu hutaja mafanikio ya Mgeta, milimani Uluguru, ambako mbuzi wa Norwe walipelekwa na Chuo Kikuu cha Sokoine miaka ya 1980. Mgeta kuna baridi na ukungu. Kwetu Septemba ni jua na vumbi, na Saanen mweupe huungua ngozi ya kiwele. Chukua majike wazuri wa kienyeji, wapandishe kwa beberu wa Toggenburg au Anglo-Nubian, uanze na watoto wao. Jike hurudia joto kila siku 21 na hubaki katika joto siku moja hadi moja na nusu. Mkia unapepea, analia bila sababu. Beberu asimpande binti yake: shirikianeni majirani kumi kwa beberu mmoja aliyepimwa, mkambadilishe na kikundi kingine kila baada ya miaka miwili. Na kama beberu hana pembe tangu kuzaliwa, majike wake wawe na pembe, kwa sababu mbuzi wa jamii hizi wasio na pembe wakipandishana huzaa watoto wasio jike wala dume.

Kitoto akizaliwa apate dang'a ndani ya saa moja. Ile ndiyo chanjo yake ya kwanza. Kamua ukiwa umenawa, matone ya mwanzo yatoe kwenye kikombe cheusi uangalie mabonge. Mabonge, kiwele cha moto au maji maji ni ugonjwa wa kiwele. Wanaosema maziwa ya mbuzi yananuka walikunywa ya mbuzi aliyelala na beberu. Mtenge beberu mbali, harufu itakwisha. Maziwa haya yape kwanza watoto wako waliotimiza mwaka mmoja. Mchanga chini ya hapo abaki na ya mama yake, kwa kuwa ya mbuzi yana upungufu wa vitamini ya kutengeneza damu. Usiingie kazi hii kwa kutegemea soko la mjini mwaka wa kwanza. Jike chotara mmoja anayetoa lita moja na nusu, kitoto akishanyonya sehemu yake, anabadilisha kifungua kinywa cha nyumba, na hilo linatosha kuanzia.

Mbegu za lusina huloweshwa katika maji ya moto usiku mmoja, kisha huwekwa kwenye viriba Septemba. Miche hupandwa Desemba ardhi ikishalowa, na hukatwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Kama viriba vyako bado havina udongo, mbuzi asubiri.